Je, Wajua? Joto la Mji Huanzia Kwenye Ramani

Je, wajua kwamba mji hujitengenezea joto lake wenyewe? Jua linalowaka Manzese, Dar es Salaam, ndilo linalowaka Kisarawe, nje ya jiji, na upepo wa kaskazi haumchagui mtu. Lakini usiku wa Februari mtu wa Manzese hutoa mkeka nje akasubiri chumba kipoe, wakati mwenzake wa Kisarawe ameshajifunika shuka. Kinachowatofautisha zaidi ni lami, zege, mabati na namna nyumba zilivyobanana. Wataalamu huliita eneo la namna hiyo kisiwa cha joto, na siku hizi wanaweza kulikokotoa kwenye kompyuta kabla tofali la kwanza halijawekwa. Safu ya leo ni ya hesabu hiyo, maana miji yetu inajengwa sasa hivi. Sensa ya 2012 iliikuta Dar es Salaam ina watu milioni 4.36, ya 2022 ikakuta milioni 5.38. Hao milioni moja walioongezeka kwa miaka kumi wote wanahitaji paa.

Je, wajua kwamba tofauti kubwa kati ya mji na shamba huonekana usiku, si saa saba mchana? Mchana mji na shamba hukaribiana, na asubuhi mitaa yenye maghorofa huweza hata kuwa na ubaridi kidogo kwa sababu ya vivuli. Mambo hubadilika jua likizama. Shamba hupoa upesi; mji unaanza kutoa polepole joto ulilolimeza mchana kutwa. Jaribu leo: saa mbili usiku weka kiganja kwenye ukuta wa tofali za saruji uliopigwa na jua la jioni. Utahisi uvuguvugu. Kisha inama ushike ukoka ulio hatua chache kutoka hapo. Umeshapoa zamani. Singapore, watafiti Winston Chow na Matthias Roth walikuta tofauti inayofikia nyuzi joto 7 kati ya barabara ya maduka ya Orchard na viunga vya kijani, na kilele chake kilikuja saa kadhaa baada ya magharibi.

Usiku ndio wakati mwili hupumzika na kurudisha nguvu. Usiku usipopoa, moyo haupati nafasi hiyo. Mawimbi ya joto ya mwaka 2003 yaliua watu wanaokadiriwa kuwa zaidi ya 70,000 barani Ulaya, karibu 15,000 kati yao Ufaransa peke yake, wengi wao wazee. Chicago ilipoteza zaidi ya watu 700 kwa siku chache za Julai 1995.

Wajua aliyekuwa wa kwanza kuandika kuhusu joto hili la mji? Ni mtengeneza dawa wa London, Luke Howard, yule yule aliyeyapa mawingu majina ambayo wanasayansi wanayatumia hadi leo. Katika kitabu chake kuhusu hali ya hewa ya London, kilichoanza kutoka mwaka 1818, alilinganisha vipimajoto vya mjini na vya mashambani akaona kwamba usiku mji ulizidi kwa karibu nyuzi 2. London wakati ule haikuwa na lami wala kiyoyozi hata kimoja. Mwaka 1927 mwanasayansi Wilhelm Schmidt alifunga kipimajoto kwenye gari akazunguka nalo mitaa ya Vienna, akachora ramani ya joto mtaa kwa mtaa. Njia yake ingali inatumika.

Na usidhani ni habari za majiji makubwa tu. Mwanasayansi Tim Oke, aliyefundisha Chuo Kikuu cha British Columbia nchini Kanada, alionyesha mwaka 1973 kwamba hata makazi ya watu elfu moja huwa na joto lake kwenye usiku mtulivu usio na mawingu. Mji wa wilaya unaochipuka kandokando ya barabara kuu tayari umeanza safari hiyo.

Je, wajua kwamba upana wa anga unaouona ukiwa umesimama mtaani ni kipimo cha kitaalamu? Kila kitu chenye joto hulitoa kwa mionzi, na usiku kinachopokea sehemu kubwa ya joto hilo ni anga. Ukisimama uwanjani, anga yote iko wazi juu yako. Ukisimama kwenye uchochoro kati ya maghorofa mawili, unaona ukanda mwembamba tu. Ukuta unatoa joto, ukuta wa pili unalipokea na kulirudisha, na linaloponyoka kwenda juu ni kidogo. Kwa hiyo mtaa mwembamba una faida na hasara: mchana unakukinga na jua, usiku unazuia joto lisitoke. Ndiyo sababu hakuna jibu moja la kila mahali, na ndiyo sababu mpangaji anahitaji hesabu.

Wazee wa pwani walifika kwenye jibu lao bila kompyuta. Mji Mkongwe wa Zanzibar na mji wa Lamu ina mitaa ambayo watu wawili wakipishana mmoja hujibana ukutani. Kuta ni nene, za mawe ya matumbawe, zimepigwa lipu ya chokaa nyeupe inayorudisha sehemu kubwa ya mwanga. Dari ziko juu, bahari iko karibu, na nje kuna baraza ya kukalia kivulini. Huko hakukuwa na injini ya kutupa moshi wala mashine ya kutupa hewa ya moto uchochoroni. Anayenakili wembamba wa mtaa wa Zanzibar na kuweka kuta za vioo, lami na viyoyozi ishirini vinavyotazamana, amechukua umbo akaacha vyote vilivyolifanya lifae.

Je, wajua jua la utosini huja lini? Dar es Salaam iko karibu nyuzi 6.8 kusini ya ikweta, kwa hiyo jua hupita juu kabisa ya kichwa mara mbili kwa mwaka, karibu tarehe 3 Machi na karibu tarehe 10 Oktoba. Mwezi Juni jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini, Desemba huwa kusini, lakini halishuki mbali. Maana yake kwa mjenzi ni kubwa: huku kwetu paa ndilo linalopigwa kuliko ukuta wowote. Vitabu vya Ulaya vinavyohangaika na madirisha ya kusini havikuandikwa kwa ajili ya Tandale.

Basi tulitazame paa lenyewe. Adhuhuri isiyo na wingu, kila mita moja ya mraba hupokea nishati ya jua inayokaribia wati 1,000. Chumba cha mita 3 kwa 3 kinapokea karibu wati 9,000 juu ya kichwa cha aliyemo. Bati jipya linalong'aa hurudisha mwanga mwingi, hilo ni kweli, lakini metali tupu ni mvivu wa kutoa joto kwa mionzi; joto lililokwishaingia hukaa. Likiingia kutu, linameza mwanga mwingi, na hapo tabu inazidi. Kama hakuna silingi, bati hilo la moto liko futi chache juu ya mtoto aliyelala, na linammulika kwa joto kama jua la pili. Rangi nyeupe au chokaa hufanya kazi zote mbili: hurudisha mwanga na hutoa joto vizuri. Kopo la rangi na brashi ni dawa ya bei nafuu kuliko karibu kila kitu kingine kitakachotajwa kwenye safu hii.

Ahmedabad nchini India wamelijaribu hilo kwa upana. Baada ya joto la Mei 2010, lililosababisha vifo 1,344 zaidi ya kawaida, jiji lile liliandika mwaka 2013 mpango wa kukabiliana na joto, wa kwanza Asia ya Kusini: tahadhari mapema, mafunzo kwa wahudumu wa afya, maji ya kunywa mitaani, na baadaye mapaa yaliyopakwa chokaa katika makazi ya watu wa kipato cha chini. Utafiti uliochapishwa 2018 ulikadiria kwamba mpango huo uliepusha vifo zaidi ya 1,000 kwa mwaka. Ni idadi inayostahili kusomwa mara mbili.

Wajua lita moja ya maji inachukua joto kiasi gani inapokauka? Kiasi ambacho birika la umeme la wati 1,000 lingelitoa kwa dakika 40 hivi. Mtungi hupoza maji kwa njia hiyo hiyo: tone linapenya kwenye udongo, linakauka nje, na linapokauka linaondoka na joto. Mti mkubwa wenye maji ya kutosha huweza kutoa lita 100 kwa siku kupitia majani yake. Fanya hesabu: ni sawa na AC ya BTU 12,000 ikifanya kazi karibu saa 20, bila umeme, na bila kumtupia jirani hewa ya moto. Kisha tazama nyua zetu. Mwembe umekatwa kwa sababu majani yanachafua, pevingi zimetandazwa ukuta hadi ukuta, na mvua yote inakimbilia mtaroni. Hakuna kilichobaki cha kukauka, kwa hiyo nishati yote ya jua inaishia kupasha mawe.

Seoul walirudi nyuma kwa makusudi. Walibomoa barabara ya juu iliyokuwa imeufunika mkondo wa Cheonggyecheon, na mwaka 2005 maji yakaanza tena kuonekana katikati ya jiji. Vipimo vilionyesha kwamba kando ya mkondo kuna nyuzi kati ya 3 na 6 pungufu kuliko kwenye barabara iliyo jirani. Medellín nchini Kolombia, kuanzia 2016, ilipanda vichaka na miti kwenye korido 30 zinazofuata barabara na mito midogo.

Je, wajua kwamba kiyoyozi hakifuti joto, hulihamisha tu? Linalotoka chumbani linaingia mtaani, na umeme uliotumika unageuka joto la ziada juu yake. Watafiti wa jiji la Phoenix nchini Marekani waliingiza viyoyozi vyote kwenye modeli yao mwaka 2014 wakakuta kwamba katika baadhi ya maeneo vinapandisha joto la nje usiku kwa zaidi ya nyuzi 1. Anayelipia gharama hiyo bila kuulizwa ni mlinzi wa getini na mama lishe aliye chini ya jengo.

Na nyuzi moja si kitu kidogo. Huko Quriyat, pwani ya Oman, tarehe 26 Juni 2018 joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 kwa saa 24 nzima, usiku ukiwemo. Hapo kosa si la mji. Bahari na milima vilifanya kazi yao. Ila mahali penye mwanzo kama huo, kila nyuzi moja ambayo mji unajiongezea ni ya hatari.

Joto la kwenye redio si joto la mwilini, hilo nalo wajua? Mwili hupoa kwa jasho kukauka, na hewa ikijaa unyevu jasho halikauki. Ndiyo maana wataalamu hutumia pia kipimajoto kilichofungwa kitambaa chenye maji. Nadharia ilisema binadamu hawezi kuvumilia kwa saa nyingi kipimo hicho kikifika 35. Majaribio ya Chuo Kikuu cha Penn State kwa vijana wenye afya yameonyesha kwamba mwili huanza kushindwa kwenye 31 hivi. Halafu kuna mionzi: hewa ikiwa na nyuzi zile zile 32, anayetembea juani na aliye chini ya mkungu wanaishi katika hali mbili tofauti. Watafiti Emmanuel Ndetto na Andreas Matzarakis waliifanyia Dar es Salaam hesabu ya namna hiyo mwaka 2013, kwa programu iitwayo RayMan: waliangalia jinsi urefu wa majengo, upana wa mtaa na uelekeo wake vinavyobadilisha joto analolihisi mtembea kwa miguu. Kazi kama hiyo ilipaswa kuwa mezani kila mara mtaa mpya unapochorwa.

Je, wajua kwamba kipimajoto rasmi cha mji mara nyingi hakipo mjini? Kanuni za kimataifa zinataka kiwekwe juu ya nyasi, mahali pa wazi, mbali na kuta, kimo cha kati ya mita 1.25 na 2. Ni kanuni nzuri, maana inawezesha nchi zote kulinganisha vipimo. Lakini matokeo yake ni kwamba vituo vingi viko kwenye viwanja vya ndege, na joto tunalotangaziwa ni la uwanja wa nyasi.

Nairobi walilichunguza jambo hili kwa makini. Watafiti waliweka vipimajoto vidogo ndani ya Kibera, Mathare na Mukuru, wakavilinganisha na kituo rasmi cha Dagoretti, na mwaka 2017 wakachapisha walichokiona: mitaa hiyo ilikuwa na joto la nyuzi kadhaa juu ya lile la kituo. Hata ndani ya mtaa mmoja, penye miti palitofautiana na palipo tupu. Fikiria maana yake. Daktari anayetafuta kwa nini watoto wanazidiwa wiki fulani, na ofisa anayeamua kama tahadhari itolewe, wote wanasoma namba ambayo haikupimwa mahali wagonjwa wanapolala. Watu wanaoumizwa zaidi na joto ndio wanaokosekana kwenye takwimu zake. Hilo haliwezi kuachwa hivyo.

Satelaiti inasaidia, lakini isikupumbaze. Zile za Landsat, ambazo zilianza kurushwa mwaka 1972, hupita karibu saa nne asubuhi, na zinachopima ni joto la ngozi ya paa na barabara, si la hewa unayoivuta. Ramani nyekundu ya kutisha unayoiona gazetini inaweza kuwa ni ya mabati ya godauni lisilo na mtu, wakati uchochoro wenye watu elfu umefichwa na mapaa. Chombo cha ECOSTRESS, kilichofungwa kwenye kituo cha anga za juu tangu 2018, kina afadhali kwa sababu hupita saa tofauti, usiku pia.

Sasa modeli yenyewe. Je, wajua inavyofanya kazi? Mtaalamu huukata mji kwa miraba. Kila mraba anaupa namba zake: sehemu gani imejengwa, majengo yana urefu gani, kuta ni za nini, miti ni mingi kiasi gani, magari na mashine yanatoa joto kiasi gani. Kisha kompyuta huchukua jua, upepo na unyevu wa siku hiyo, ikaenda mbele sekunde kwa sekunde, ikihakikisha katika kila mraba kwamba nishati inayoingia inalingana na inayotoka na inayobaki ukutani. Hakuna uchawi ndani yake. Ni uhasibu mkali wa joto.

Ugumu uko kwenye ukubwa wa mraba. Modeli nyingi za tabianchi ya dunia hutumia miraba ya kilomita 100 hivi. Mraba mmoja wa aina hiyo unameza Dar es Salaam yote pamoja na kipande cha bahari, na mji hauonekani kabisa. Ukiupunguza mraba nusu kila upande, miraba inakuwa minne, na hatua za muda lazima ziwe fupi pia, kwa hiyo kazi ya kompyuta inakua karibu mara 8. Ndiyo maana kuna modeli za ngazi mbalimbali. WRF, inayotolewa bure, hushuka hadi kilomita moja hivi na huchukua mji kama mitaa iliyorahisishwa. Mfaransa Valéry Masson alitoa mwaka 2000 namna ya kuuhesabu mtaa kama bonde lenye paa, kuta mbili na barabara, na wengi wamejenga juu ya wazo hilo. ENVI-met, iliyoanzishwa na Mjerumani Michael Bruse, huingia hadi mita chache: mti huu, ukuta huu, kituo hiki cha daladala. SOLWEIG, ya watafiti wa Göteborg nchini Sweden, hupiga hesabu ya vivuli na mionzi ndani ya programu ya ramani ya QGIS, nayo pia ni bure. Mwanafunzi wa mipango miji mwenye kompyuta ya mpakato ya kawaida anaweza kuanza nayo wiki hii.

Anachokikosa mara nyingi ni takwimu za mji wake. Hapo Dar es Salaam ina jambo la kujivunia. Kuanzia 2015, mradi wa Ramani Huria uliwatoa wanafunzi wa vyuo na wakazi wa mitaa wakachora nyumba, vichochoro na mitaro kwa simu na kwa picha za ndege zisizo na rubani. Lengo lilikuwa mafuriko. Lakini nyumba iliyochorwa kwa ajili ya mafuriko inafaa kwa joto vilevile. Imebaki kuongezewa urefu wake na paa lake ni la nini.

Na pasipo na ramani ya nyumba moja moja, kuna njia ya mkato inayofaa. Mwaka 2012 Iain Stewart na Tim Oke waligawa sura zote za mji na shamba katika makundi 17: kumi ya majengo, saba ya ardhi. Kundi la 7 ni nyumba fupi, nyepesi, zilizosongamana, yaani mabanda ya mabati kama ya Kibera. Walipoyapa makazi hayo nafasi yao, yaliingia rasmi kwenye hesabu za dunia, na tangu 2022 ipo ramani ya dunia nzima ya makundi hayo, mita 100 kwa mita 100.

Je, wajua kwamba Stuttgart nchini Ujerumani imekuwa na mtaalamu wa hali ya hewa katika utumishi wa jiji tangu 1938? Mji ule umekaa bondeni na upepo wake ni hafifu. Usiku hewa ya baridi hushuka kutoka vilimani, na jiji linaishi kwa pumzi hiyo. Kwa hiyo wamechora mapito yake kwenye ramani, na anayetaka kujenga mteremkoni hukutana na masharti ya kuyalinda. Hong Kong nao, baada ya ugonjwa wa SARS wa 2003 kuwafundisha thamani ya hewa inayotembea, walianza mwaka 2006 kudai tathmini ya upepo kwa miradi mikubwa ya umma. Tokyo walijifunza kwa uchungu: maghorofa ya Shiodome, yaliyopangwa kama ukuta karibu na ghuba, yalilaumiwa kwa kuzuia upepo wa bahari usiwafikie walio nyuma yake. Miji ya pwani yetu inaishi kwa kaskazi, kusi na upepo wa bahari wa kila alasiri. Kila mnara unaopewa kibali ufukweni bila mtu kuuliza upepo utapita wapi ni deni kwa Kariakoo, Magomeni na Ilala. Na bonde la Msimbazi, linaloingia katikati ya jiji hadi baharini, lina mradi mkubwa wa kudhibiti mafuriko na kutenga eneo la bustani. Ningependa wanaolipanga walihesabie na joto pia, maana bonde la kijani lililo wazi ni njia ya hewa.

Modeli huokoa pia fedha zisitumike kwa nia njema tu. Phoenix walipaka barabara zao rangi nyepesi ili zisimeze jua. Vipimo vya Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, vilivyotolewa 2021, vilionyesha kwamba uso wa barabara ulipoa kweli, karibu nyuzi 6 adhuhuri. Lakini mwanga uliorudishwa ulimpiga mtembea kwa miguu, na mionzi aliyoipokea mchana ilipanda kwa karibu nyuzi 3. Barabara ilipata nafuu, binadamu akaongezewa mzigo. Kwa hiyo paa jeupe, ndiyo. Njia ya waenda kwa miguu, mpe mti.

Singapore ilianzisha mwaka 2017 mradi wa Cooling Singapore, ambao umejenga nakala ya jiji zima ndani ya kompyuta, ili wakubwa wajaribu humo kwanza: tukiongeza magari ya umeme itakuwaje, tukipanda miti hapa badala ya pale itakuwaje. Freetown nchini Sierra Leone haina fedha za Singapore, lakini mwaka 2021 ilimteua Eugenia Kargbo kuwa ofisa mkuu wa joto wa jiji, wa kwanza Afrika, na moja ya kazi za mwanzo ilikuwa kuwawekea wanawake wa sokoni mapaa ya kivuli. Mtu mmoja mwenye dhamana anayejulikana kwa jina ni mwanzo wa kweli. Nauliza kwa dhati: katika jiji lako, nani anawajibika kwa joto?

Modeli isiyolinganishwa na kipimajoto cha mtaani ni picha nzuri tu, na kipimajoto kisichosomwa na mpangaji ni chuma. Vyote viwili vinahitaji kufika mezani kabla ya kibali, kwa sababu barabara ikishachongwa na kiwanja kikishapimwa, uelekeo wa mtaa utadumu karne nzima. Nyumba hubomolewa, mti hupandwa upya, lakini mtaa hauhamishwi.

Na hapo wewe msomaji una nafasi yako. Sheria ya Mipango Miji ya Tanzania ya mwaka 2007 inawapa wananchi haki ya kuuona mpango wa eneo lao na kuutolea maoni kabla haujaidhinishwa. Mkutano ukiitishwa, nenda. Kabla hujauliza habari za barabara na mitaro, simama uulize swali hili na udai lijibiwe kwa namba: majengo haya yakisimama, usiku wa Februari chumbani kwetu patakuwa na nyuzi ngapi?